Nguvu ya Mezani na Nguvu ya Barabarani

Timu yangu inauza vipuri vya magari ambayo unaweza kuzunguka Dar nzima usiyaone. Tuko wachache, wengi hapa jijini na mwenzetu mmoja yuko Moshi, na kila mtu anafanyia kazi nyumbani kwake. Mwajiri wetu ni duka lililoko Michigan, Marekani, linalohudumia wenye magari ya kizamani yenye injini kubwa: Pontiac GTO, Chevrolet Chevelle, Dodge Charger, Plymouth Road Runner na mengine ya ukoo huo. Sisi tunatunza orodha ya bidhaa, tunajibu barua pepe za wateja, na tunahakikisha gasketi iliyoandikwa kuwa ya 1969 kweli inakaa kwenye injini ya 1969. Mimi ndiye ninayewasimamia. Mengi ninayoyajua leo kuhusu kusimamia watu usiowaona nimeyapata kwenye magari hayo.

Kwanza magari yenyewe. Wamarekani wanayaita magari ya misuli. Mwaka 1964 wahandisi wa Pontiac, John DeLorean akiwa mmojawapo, walichukua gari la ukubwa wa kati lililoitwa Tempest wakalipachika injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya lita 6.4, injini ya magari makubwa. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na kanuni ya ndani iliyokataza injini kubwa namna hiyo kwenye gari la kati, kwa hiyo GTO ikapitishwa kama nyongeza ambayo mnunuzi anaiagiza, siyo kama gari jipya. Vijana wakaligombania. Baada ya miaka michache kila kiwanda cha Detroit, mji wa magari wa Marekani, kilikuwa na la kwake, na mwaka 1970 Chevelle SS yenye injini ya 454, namba inayotaja ujazo wake kwa inchi, ilikuwa inatangazwa kwa nguvu za farasi 450. Halafu upepo ukageuka. Bima kwa vijana ikapanda, sheria ya hewa safi ya 1970 ikaingia, viwanda vikaanza kupunguza mgandamizo wa injini ili zikubali petroli yenye madini kidogo ya risasi, na Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga bomba. Shida hiyo ya mafuta wazee wetu nao waliionja. Waulize habari za magari binafsi kupigwa marufuku barabarani Jumapili mchana.

Wateja wetu wengi ni wanaume waliokuwa vijana enzi hizo, na barua zao ni ndefu. Mtu anataka plagi na waya zake, lakini anaanza na gari alilouza alipopata mtoto wa kwanza, rangi yake ilivyokuwa, nani alikuwa anakaa kiti cha pembeni, na jinsi alivyotafuta jingine la rangi ileile mpaka akalipata akiwa na wajukuu. Kila mfanyakazi mpya huniuliza swali lilelile: "Dada, si aseme tu anachotaka?" Namwambia soma mpaka mwisho, kwa sababu anachotaka kimo humohumo. Aliwahi kuandika mzee mmoja akitaka gasketi za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ya GTO ya 1966. Katikati ya kusimulia habari za kaka yake aliyekuwa akilisafisha gari lile kila Jumapili, akagusia kwamba wakifungua boneti majirani walikuwa wanakuja kuzitazama zile kabureta tatu. Tatu! GTO ya miaka ile unaikuta na kabureta moja kubwa au na tatu zilizopangwa mstari, na gasketi zake ni tofauti kabisa. Aliyeisoma barua yote alituma mzigo sahihi. Angeishia kwenye mstari wa kwanza, mzigo ungevuka bahari na kurudi.

Jambo lililobadilisha namna yangu ya kusimamia lilianzia Mbagala. Dada mmoja wa timu, mtaratibu, anayependa namba zikae sawa, aliniandikia jioni moja: "Dada, samahani. Hii 454 ya 1971 imeandikwa farasi 365, ya 1972 imeandikwa 270, na injini ni ileile. Nirekebishe ipi?" Nikamwambia asirekebishe yoyote, atafute kwanza sababu. Alipoipata alinipigia simu, hakuweza kusubiri kuandika.

Sababu ni hii. Mpaka 1971 nguvu iliyotangazwa ilipimwa injini ikiwa imefungwa mezani peke yake: haina feni, haina alternata, haina chujio la hewa, ekzosi imeachwa wazi. Kuanzia 1972 wakatangaza nguvu ya injini iliyobeba mizigo yake yote kama inavyokaa kwenye gari. Mwaka 1971 General Motors walichapisha namba zote mbili, na 454 hiyo ilikuwa 365 kwa kipimo cha mezani na 285 kwa kipimo kipya. Kwa hiyo injini ya 1972 ilikuwa imepungua farasi 15 tu. Nyingine zote zilizoonekana kupotea hazikuwahi kufika barabarani.

Wiki hizohizo wenye duka walikuwa wananisukuma nikubali programu ya kuwachunga wafanyakazi. Inapiga picha ya kioo cha kompyuta kila baada ya dakika chache, inahesabu mtu amebofya mara ngapi, na mwisho wa siku inampa alama. Nilikuwa naipinga lakini sikuwa na maneno ya kuwaingia watu wa kule. Dada wa Mbagala akanipa. Niliwaandikia kwamba wanachotaka kupima ni nguvu ya mezani, na wao kuliko mtu yeyote duniani wanajua namba ile ilivyowadanganya wateja wao. Nikapendekeza tupime kinachofika barabarani: barua iliyojibiwa ikaisha, bila mteja kuuliza tena, na kipuri kilichokwenda kisirudishwe kwa sababu hakikukaa. Mwenye duka, ambaye ana Charger ya 1968 aliyoifufua kwa mikono yake, alielewa papo hapo. Programu ikawekwa pembeni.

Lakini kusema "pima na mizigo yake" ni rahisi kama huijui mizigo yenyewe. Ya kwetu hapa haimo kwenye vitabu vya uongozi.

Mzigo mkubwa ni nyumbani. Kwa mazoea yetu, mtu mzima anayeshinda nyumbani hana kazi. Anaweza kuwa na kompyuta mbele yake na vipokea sauti masikioni, bado atatumwa mtungi wa gesi, ataitwa kumpokea mgeni, ataambiwa amwangalie mtoto "mara moja tu". Kijana wetu wa Tegeta alikuwa anateseka hasa. Anakaa kwa mama yake, zamu yake inaanza saa tisa alasiri na kuishia saa sita usiku kwa sababu ya saa za Michigan, na mchana analala. Kwa macho ya nyumba nzima alikuwa mvivu anayelala mchana na kukesha na simu. Hakuna programu inayotibu hilo. Nilichofanya ni kwenda kwao.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nikabeba sukari na matunda. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, karibu ndani." Tukaulizana hali, tukanywa chai, ndipo nikajieleza mimi ni nani kwa mwanawe. Mama akaniangalia sana. "Kumbe? Maana huyu anakesha anaongea Kiingereza peke yake chumbani. Mimi nilijua ni haya mambo ya kubeti." Nikamweleza kazi, duka liko wapi, kwa nini kule ni asubuhi wakati huku ni jioni, na kwamba saa tisa alasiri mwanawe akifunga mlango, huo ndio mlango wa ofisi yake. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya gari tunalouzia vipuri. Akacheka, akasema marehemu baba yao angelipenda. Toka siku hiyo mama ndiye mlinzi. Mgeni akifika anaambiwa, "Mwacheni, yupo kazini," na kijana mwenyewe alinitumia ujumbe kwamba sasa analetewa na chai.

Nikafanya hivyo kwa wote. Kwa aliyeolewa nilimsalimia mume, na kwa anayeishi na shangazi yake nilimsalimia shangazi. Huyo wa Moshi nilizungumza na baba yake kwa simu, taratibu, kwa heshima zote. Ningeulizwa jambo moja la kumwambia msimamizi mpya wa kazi za mbali hapa Tanzania, ningemwambia hilo kabla ya kumtajia chombo chochote cha mtandao: kajitambulishe nyumbani kwa watu wako.

Misiba nayo. Mtu wa ofisini akikosa mazishi ya jirani anaeleweka, alikuwa mjini. Wa nyumbani haeleweki, kwa sababu dirisha lake linatazama turubai. Tumekubaliana kwamba msiba hauombewi ruhusa kwa maelezo marefu. Unaandika "msiba" kwenye kundi la timu, mwenzio anachukua zamu, basi. Wapo wasimamizi watakaoona hapo ni mahali pa kudanganywa. Mimi naamini mtu asiyekwenda kumzika jirani yake hawezi kukaa mtaani kwa amani, na mtu asiye na amani mtaani hawezi kukufanyia kazi nzuri chumbani.

Ramadhani inataka hesabu. Magharibi ya Dar inaingia kama saa kumi na mbili na nusu, na mwezi huo ukiangukia baada ya Wamarekani kusogeza saa zao mbele Machi, kule Michigan ni saa tano na nusu asubuhi, ndiyo saa ambayo simu na barua zinamiminika. Haiwezekani mtu aliyefunga tangu alfajiri umwambie futari isubiri gasketi. Wakristo wa timu wanaibeba saa hiyo mwezi mzima. Krismasi na Pasaka wanarudishiwa. Mpango huo walijipangia wenyewe, mimi niliukuta tayari.

Kuhusu umeme na intaneti sitasema mengi, kila anayeishi hapa anajua. Wakati wa mgao ule ulioanza 2023 tulinunua betri na inveta kidogokidogo, na hali ilianza kuwa nyepesi mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha. Mei mwaka huohuo mikongo ya baharini ikakatika na nchi ikapungukiwa na intaneti. Siku hizo ndizo zilizonionyesha thamani ya kuwaachia watu kazi waliyoielewa: waliokuwa wameshusha orodha kwenye kompyuta zao waliendelea kuikagua bila mtandao, mstari kwa mstari, na mtandao uliporudi wakapandisha. Mtu anayesubiri maelekezo kila saa angekaa bure mpaka waya ziunganishwe.

Kuna rafiki zangu wasimamizi wanaotamani watu warudi ofisini. Wanasema zamani kazi ilikuwa inakwenda. Nawasikiliza, kwa sababu hamu ile ninaifahamu, ninaisoma kila siku kwenye barua za wateja. Mzee anayemkumbuka Pontiac wake wa 1964 anakumbuka mngurumo na kasi. Hakumbuki kwamba lile gari lilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne, na kulisimamisha ilikuwa shughuli. Nami nilifanya kazi Posta miaka mingi nikitokea Mbezi. Nakumbuka vicheko vya saa ya chai, wali maharage wa mama ntilie wa pale nyuma, bosi kupita mezani na kutatua jambo kwa sentensi moja. Ni kweli vilikuwepo, na navikosa. Lakini nikiweka na mizigo yake, kuna kuamka saa kumi usiku, kuna kuganda kwenye mataa ya Ubungo kabla daraja la juu la Kijazi halijafunguliwa 2021, kuna kufika nyumbani mtoto amelala. Ile kazi iliyokuwa "inakwenda" ilikuwa ni kipimo cha mezani.

Hata hivyo siidharau hamu ya zamani, na wala sitaki timu yangu iidharau. Ina haki yake. Mjomba wangu alikuwa na Peugeot 404 pale Ilala, viti vya reksini vinavyounguza mapaja kukiwa na jua, na kitu nilichokipenda ni kwamba akifungua boneti kila kilichomo kilikuwa na jina na kazi, na alinitajia. Magari ya siku hizi yana ubora wake mwingi, ila ukifungua boneti unakutana na kifuniko cha plastiki. Wateja wetu wanatafuta ujana wao, sawa, lakini wanatafuta pia kitu wanachoweza kukifungua na kukielewa kwa mikono. Nikaona kama hilo linawavuta watu wa umri wote, watu wangu nao lazima waguse. Walikuwa wameandika maelfu ya maneno kuhusu kabureta na wengi wao hawajawahi kushika hata moja.

Kwa hiyo tukakutana Gerezani, kwa fundi mmoja mzee niliyemfahamu kupitia mjomba. V8 ya Detroit hana, lakini alikuwa na sanduku la vyuma vya zamani, na humo akatoa kabureta kuukuu akaifungua juu ya gunia. Akatoa boya dogo la shaba, akalitikisa karibu na sikio, akampa dada wa Mbagala. "Sikiliza, binti." Akatikisa. Ndani kulikuwa na kitu kinachochezacheza. "Hilo limetoboka, petroli imeingia. Boya likiwa zito halipandi. Lisipopanda, petroli haifungi, injini inalowa." Likapita mkono kwa mkono, kila mtu anatikisa, kila mtu anasikiliza. Yule wa Moshi, aliyekuwa amepanda basi usiku kuja, alilishika muda mrefu kuliko wote. Tangu hapo, mteja akiandika kwamba gari lake linanuka petroli na haliwaki, jibu letu la kwanza ni kumwomba atoe boya alitikise, na mara kadhaa imetosha kumuuzia boya badala ya kabureta nzima. Mauzo yanapungua kidogo siku hiyo, na mteja anarudi.

Mzee aliposikia ni magari ya Kimarekani akatabasamu, akaanza habari za Safari Rally, enzi njia ilipokuwa inapita kwetu. Alimtaja Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, aliyeshinda 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Nikamwongezea habari ambayo naipenda sana: mwaka 1964 Ford walileta timu ya Mercury Comet, gari za V8 kutoka Marekani, zije zionyeshe nguvu zao kwenye tope la Afrika Mashariki. Nyingi ziliishia njiani. Mshindi alikuwa Ford Cortina GT, kagari ka silinda nne kutoka Uingereza. Mzee akapiga paja. Vijana wakanitazama, na dada wa Mbagala akasema kwa sauti, "Barabarani!" Wote wakaelewa.

Sasa tunakutana Gerezani kila inapowezekana. Mwenye duka amekubali kulipia nauli ya Moshi, baada ya kuona mwenyewe jinsi vipuri vinavyorudishwa vilivyopungua. Ameomba pia tumwandikie maelezo ya mizigo yetu yote, ya msiba, futari, umeme na wakwe, awape wasimamizi wake wengine, na kazi hiyo nimemwachia dada wa Mbagala kwa sababu wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Kijana wa Tegeta naye ameuona ugonjwa. Amesikia kuna pikapu ya Peugeot 504 inauzwa Bagamoyo, imesimama chini ya mwembe miaka mingi, na ameomba Ijumaa akaitazame pamoja na fundi wetu. Nimembadilishia zamu na mwenzake. Nimempa sharti moja: asitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hajasafisha kutu, akaisoma namba ya injini, akailinganisha na ya kwenye kadi, akanitumia picha zote mbili.